Msuli wa kigasha ambao wengine huzaliwa bila huo

BARAKA: Haya, tuko hewani. Leo mkono. Dada Rehema, anza na lile zoezi lako.

REHEMA: Gusanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho, halafu kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Aliye kwenye usukani asubiri afike. Sasa tazama katikati ya kifundo cha mkono. Kuna ukano umetuna chini ya ngozi?

BARAKA: Kulia upo, umesimama kabisa. Kushoto... mbona sioni kitu?

REHEMA: Basi huenda kushoto huna msuli wa kigasha uitwao palmarisi longasi. Nasema huenda, maana ukano mwembamba hujificha. Mwenye uhakika ni aliyefungua ngozi akaona kwa macho yake.

BARAKA: Yaani nina mkono pungufu!

REHEMA: Acha hizo, umebeba ndoo miaka yote na hukujua. Msuli huu unaanzia kwenye kinundu cha ndani cha kiwiko, nyama yake ni fupi, kisha ukano mrefu unashuka mpaka kwenye utando mgumu wa kiganja. Unasaidia kukunja kifundo, lakini kazi hiyo ina misuli mingine mikubwa zaidi. Vitabu vingi husema kama asilimia 15 ya watu hawana. Ukienda mahali hadi mahali hesabu inabadilika: utafiti wa Uganda uliochapishwa 2011 ulipata kama asilimia 4 tu, na mmoja wa Gaziantep, Uturuki, ulipita asilimia 60.

BARAKA: Duh! Mimi naona ni kutoutumia. Wazee wetu walipanda minazi, sisi tunabofya simu, msuli unanyauka.

REHEMA: Ndiyo maana nataka twende kwa vijusi. Kijusi hakijabofya simu wala kupanda mnazi.

BARAKA: Hapo umenikamata.

REHEMA: Chipukizi la mkono linajitokeza karibu wiki ya 4 tangu mimba kutungwa. Seli za misuli zinahamia humo kutoka pembeni mwa uti wa mgongo unaojengeka. Upande wa mbele wa kigasha unaanza kama fungu moja, kisha fungu linagawanyika tabaka kwa tabaka. Kufika wiki ya 8 hivi, misuli mingi imeshajitenga na ina jina lake. Sasa mgawanyo huo ukienda tofauti kidogo, ndipo palmarisi inakosekana, au zinatokea mbili, au ukano unachanika pacha, au msuli unageuka juu chini, nyama ikawa kifundoni na ukano ukawa karibu na kiwiko.

BARAKA: Na haya yanaonekana kwa vijusi wenyewe?

REHEMA: Yanaonekana. Wanaanatomia wamewapasua vijusi wa mimba zilizoharibika, kwa idhini ya familia. Kazi yenyewe ni ya subira. Kijusi wa miezi mitano, mifupa ya kigasha chake ina kama sentimita 3. Unafanya kazi chini ya hadubini, unafunua ngozi laini kama karatasi iliyolowa, unatafuta ukano mweupe ambao ukivuta vibaya umekatika, kisha hujui kama haukuwepo au umeuharibu mwenyewe.

BARAKA: Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto uliamuliwa mapema.

REHEMA: Kabla mama yako hajaanza hata kuhisi unacheza tumboni. Usichanganye lakini. Kwa ukoo mzima wa binadamu na nyani wakubwa, huenda msuli unapungua umuhimu kweli. Sokwe wengi wanao, masokwe wakubwa wa milimani na misituni, wale gorila, mara nyingi hawana. Ila wewe binafsi hukuupoteza. Na kuna jambo linalonifurahisha zaidi: mwaka 2019 mwanaanatomia Rui Diogo na wenzake walichapisha picha za viinitete na vijusi wa wiki ya 7 hadi ya 13, zikionyesha misuli midogo ya nyuma ya kiganja inayotokea halafu inayeyuka au kuungana na mingine kabla ya kuzaliwa. Kwa mijusi, wale wanyama watambaao, misuli hiyo inabaki ukubwani.

BARAKA: Sawa, daktari anajali nini hapa?

REHEMA: Sana tu. Ukano huu ni akiba ya kupandikiza. Mwaka 1974 daktari mpasuaji Frank Jobe alichukua ukano wa kigasha cha kulia cha mchezaji wa besiboli Tommy John, akautumia kujenga upya kiwiko cha kushoto, na jamaa akarudi uwanjani. Tatizo ni kwamba neva ya kati inapita chini yake hapo hapo kifundoni, nayo ni nyeupe na ndefu. Imeshatokea daktari akaing'oa neva akidhani ni ukano, kwa mgonjwa ambaye palmarisi hana.

BARAKA: Astaghfirullah!

REHEMA: Na ule uliogeuka juu chini unaweza kuibana neva hiyo hiyo: ganzi kidole gumba, cha shahada, cha kati.

BARAKA: Basi wakihitaji ukano wangu wachukue wa kulia.

REHEMA: Wapime kwanza kwa altrasaundi. Wakiukosa, wanaweza kutafuta plantarisi, kwenye shavu la mguu.

BARAKA: Huo angalau kila mtu anao?

REHEMA: Huo nao wengine hawana.