Piano ya Mozart, Sello ya Haydn

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia ala za zama za Haydn na Mozart, watunzi wa muziki wa Ulaya, na kwa nini wapo wanamuziki wanaoziacha piano kubwa za kisasa wakarudi kupigia zile za karne ya 18. Idrisa, wewe ulitaka tuanze na malalamiko ya wapiga sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu akiwa amekaa.

IDRISA: Ndiyo, dada Zuhura, na ni malalamiko ya haki. Zichukue trio za Haydn za piano, fidla na sello. Ukifungua karatasi ya sello, ukurasa baada ya ukurasa unakuta noti zile zile za mkono wa kushoto wa mpiga piano. Fidla ina wimbo wake, piano imeshika usukani, sello inafuata. Mimi nimelelewa kwenye taarabu, kupiga besi hakunisumbui hata kidogo. Lakini kupiga besi ambayo mwenzio anaipiga tayari, tena akikushinda kwa sauti? Wengi wanauliza Haydn aliwaonaje wapiga sello.

ZUHURA: Mimi ningeuliza kwanza: hiyo piano ni ipi? Ile trio ya G yenye mwisho wa mtindo wa Kihungari, Haydn aliitunga wakati wa safari zake za London, ikatolewa mwaka 1795, akamtunuku mjane mmoja aliyeitwa Rebecca Schroeter. Piano za wakati huo zilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba, na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Ukibonyeza noti ya chini, inatoka wazi kabisa, ina makali kidogo pale mwanzoni, halafu inaanza kufifia upesi. Ni kama uzi wa udi: ukishaudonoa, sauti imekuja nzima na hapo hapo imeanza kuondoka.

IDRISA: Basi piano inaitamka noti, sello inaishikilia.

ZUHURA: Hilo ndilo jambo lenyewe. Mpiga sello akivuta upinde, noti ile inabaki hewani baada ya piano kuiachia, na inaweza hata kukua. Mbili zile zinakuwa ala moja. Sasa weka piano ya leo mahali pake. Nyundo zake zimevikwa sufi nzito iliyoshindiliwa, nyuzi zake zimekazwa hadi jumla ya mvuto ni kama tani 20, na fremu ya chuma ndiyo inayoubeba mzigo huo. Noti zake za chini zinadumu na zinanguruma. Sello ikijiunga, haina pa kukaa.

IDRISA: Na sello yenyewe ilikuwa nyingine. Nyuzi za utumbo wa kondoo, zile nene zikizungushiwa waya. Chini hakuna chuma cha kuegemeza sakafuni, unaibana kwa miguu. Sauti yake haina nguvu ya kujaza ukumbi, lakini ina chembechembe, unausikia upinde ukiuma uzi. Halafu ala zilityuniwa chini kidogo. Makundi mengi ya leo yanayopiga muziki wa zama hizo yanaweka noti ya A kwenye mitetemo 430 kwa sekunde, wakati okestra za kisasa ziko 440 au zaidi. Uzi unalegea kidogo, na ala nzima inapumua.

ZUHURA: Vichapo vya wakati ule viliziita trio hizi sonata za piano zinazosindikizwa na fidla na sello. Watu wakisoma hivyo leo wanadhani wasindikizaji walidharauliwa. Mimi naona Haydn alijua hasa piano yake inaishia wapi, akamweka mtu pale pale inapoishia.

IDRISA: Tumgeukie Mozart. Barua yake ya Oktoba 1777 huwa naipenda sana.

ZUHURA: Ile ya Augsburg, Ujerumani! Ana umri wa miaka 21, ameingia karakana ya Johann Andreas Stein, na anamwandikia baba yake kwa furaha kuhusu piano alizozikuta. Kilichomvutia zaidi ni kwamba ukiachia kibao, sauti inakatika pale pale. Stein alikuwa na mtambo mdogo unaoiachia nyundo mara tu inapougonga uzi, isibaki ikitetemeka juu yake. Bila huo, noti zinagongana na kuacha mlio usiotakiwa. Mozart anaeleza pia jinsi fundi huyo alivyotendea ubao wa mlio, ule unaokuza sauti ya nyuzi: aliuweka nje upigwe na mvua, theluji na jua hadi upasuke, kisha akaziba nyufa kwa vipande vya mbao na gundi. Alitaka upasuke mikononi mwake, usije ukapasuka nyumbani kwa mnunuzi.

IDRISA: Ufundi wa aina hiyo unanigusa. Na kukatika kwa sauti ndiko kunakobadilisha upigaji. Karatasi za Mozart zimejaa viungo vifupi: noti mbili zimefungwa pamoja, ya pili inaachiwa nyepesi, kisha kituo kidogo. Kwenye piano ya Stein, au ya Anton Walter wa Vienna, vituo hivyo vinasikika kama mtu anayezungumza.

ZUHURA: Walter ndiye aliyeitengeneza piano ambayo Mozart mwenyewe aliimiliki. Ipo Salzburg hadi leo. Ina oktavu tano, vibao 61, wakati piano ya kisasa ina 88. Uzito wake haufiki kilo 100, na piano kubwa ya jukwaani ya leo inakaribia nusu tani. Ndiyo maana mwaka 1785 Leopold, baba yake, alipokuwa mgeni wake Vienna, alimwandikia binti yake kwamba tangu afike piano ya kaka yake imeshatolewa nyumbani si chini ya mara 12, kupelekwa ukumbini au kwenye nyumba za watu.

IDRISA: Kabla hatujatoka kwa Stein, mtaje binti yake.

ZUHURA: Nannette! Mozart alimsikia akipiga piano Augsburg akiwa na miaka minane, akamkosoa kwa jinsi alivyokaa na alivyotupa mikono. Mtoto huyo alikuja kuirithi kazi ya baba, akaihamishia Vienna mwaka 1794, na akawa miongoni mwa mafundi wakubwa wa piano wa mji ule, kwa jina la Nannette Streicher. Beethoven alikuwa rafiki yake. Mwanamke mwenye karakana yake wakati ule! Anastahili kipindi chake.

IDRISA: Sasa nikubane. Ukumbi wa leo una viti 2,000. Fotepiano, yaani hiyo piano ya zamani, itasikika na nani?

ZUHURA: Haitasikika vizuri, na sioni haja ya kubisha. Muziki huu uliandikiwa vyumba vya nyumba za watu na kumbi za kiasi, na upigwe humo. Tena kuna taabu nyingine: mbao hazipendi mabadiliko ya hewa, fundi analazimika kuityuni tena hata wakati wa mapumziko ya onyesho. Lakini sikiliza rekodi za Malcolm Bilson, Mmarekani aliyerekodi koncheto za Mozart, zile za piano na okestra, na kundi la John Eliot Gardiner miaka ya 1980. Filimbi na obo hazizami. Piano inakaa katikati yao kama mwenzao. Au Kristian Bezuidenhout, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwanafunzi wa Bilson. Huyo ananitoa machozi kwenye zile sehemu za polepole.

IDRISA: Mimi kilichonishawishi ni Beethoven. Ile sonata ya mwaka 1801, ambayo watu waliipa jina la mbalamwezi. Ameandika kwamba sehemu yote ya kwanza ipigwe bila vile vizuizi vya kuzima nyuzi. Yote! Ukilitii agizo hilo kwenye piano ya kisasa, mawimbi yanarundikana hadi huelewi kitu, kwa hiyo wapigaji wanabadili pedali inayoinua vizuizi hivyo kila sauti zinapogeuka.

ZUHURA: Na kwenye piano ya Vienna ya wakati ule?

IDRISA: Noti za zamani zinafifia mpya zinapoingia. Unabaki na ukungu mwembamba tu nyuma ya wimbo, na wimbo unasikika. Agizo linatekelezeka neno kwa neno.

ZUHURA: Basi tuiache sehemu hiyo ipigwe yote, kwenye fotepiano. Halafu tunawawekea mwisho wa ile trio ya Haydn ya G. Msikilizaji, mara ya kwanza fuata fidla. Ukirudia, iache fidla, ufuate sello peke yake mpaka mwisho.