Kanisa la udongo la Tolpuddle

Hamjambo huko nyumbani? Wa Ribe, wa Mazeras, na nyinyi Wamethodisti wa Meru, sogezeni viti, leo ni zamu yenu. Niko Tolpuddle, kijiji cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Upepo nao haunipi nafasi, mtanisamehe sauti.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaliona hilo jengo? Ukipita haraka utasema ni banda la mbuzi. Hilo ndilo kanisa la Wamethodisti lililojengwa mwaka 1818. Na kuta zake ni udongo! Ndiyo, Mzungu naye alijenga kwa udongo. Tofauti ni kwamba hakusimamisha fito kama sisi. Udongo ulichanganywa na majani makavu, ukakanyagwa vizuri, ukapandishwa tabaka juu ya tabaka hadi ukuta ukawa mnene kama ngome. Shosho angeuona angecheka, kisha angeuliza nani aliukanda.

Walioukanda walikuwa vibarua wa mashamba. Mmoja wa waumini hapa alikuwa George Loveless, kibarua wa kulima aliyekuwa pia mhubiri. Si mchungaji wa kuajiriwa, la. Ni wale wetu wa kushika jembe Jumamosi na Biblia Jumapili. Nami naona hapo ndipo penye siri yote: mtu aliyezoea kusimama mbele ya wenzake na kusema, atanyamazaje mshahara ukikatwa?

Maana ulikatwa. Walikuwa wakilipwa shilingi 9 kwa wiki, zikashushwa 8, zikawa 7, kisha wakaambiwa wajiandae kwa 6. Familia nzima ile nini? Loveless mwenyewe aliandika kwamba kasisi wa Kianglikana alishuhudia matajiri wakiahidi malipo bora, halafu siku ya kuulizwa akakana. Kasisi, jamani!

Mwaka 1833 wakaunda chama chao cha wafanyakazi. Chama kilikuwa halali kisheria, ndiyo maana wakubwa wakaenda kuchimbua sheria ya 1797 ya kuzuia viapo, iliyotungwa baada ya mabaharia kuasi. Vibarua walikuwa wameapishwa macho yakiwa yamefungwa, basi kosa likapatikana. Februari 1834 wakakamatwa watu sita: George na ndugu yake James Loveless, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine na James Hammett. Wakatembezwa kwa miguu hadi Dorchester, maili saba. Mimi nimekuja kwa gari la rafiki na bado nalalamika.

Hukumu: miaka 7 uhamishoni Australia, na kazi ya kifungo. London watu wakafurika barabarani kuwatetea, maombi ya sahihi yakamiminika bungeni, na mwaka 1836 wakasamehewa. Kurudi kwenyewe kukachukua muda. Wengine walikuwa hawajui hata kama wamesamehewa. Watano kati yao mwishowe walihamia Kanada.

Na kanisa hili? Waumini walihamia jengo jingine, hili likabaki ghala la shamba kwa zaidi ya miaka mia moja. Magunia yalikaa pale palipokaa wahubiri. Siku hizi limekarabatiwa.

Sasa tuvuke hadi makaburini. Polepole, nyasi zina umande... Huyu hapa, James Hammett. Wanasimulia kwamba siku ya kiapo hakuwepo, aliyekuwepo ni ndugu yake, na mke wa huyo ndugu alikuwa mjamzito. Hammett akanyamaza, akabeba yeye. Ndiye pekee aliyerudi kuishi Tolpuddle. Alifariki mwaka 1891 katika nyumba ya maskini kule Dorchester, na jiwe hili la kaburi likawekwa mwaka 1934, miaka mia baada ya kesi.

Nimeokota jani la 'sycamore' wao (si mkuyu wetu), ule mti wa kijijini waliokuwa wakikutania chini yake. Mama, nitakuletea Desemba, ulibandike kwenye kitabu chako cha nyimbo. Betri imeanza kuwaka nyekundu. Kwaherini.