Taa Ipimwe Saa Kumi Alfajiri

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja jua likiwa bado kali, maana nitalihitaji kabla hatujaachana.

Nianze na boma la mama yangu huko Ahero. Miaka michache iliyopita nilimnunulia taa ya sola ya kumulika njia ya kwenda chooni. Boksi lilisema wati 200. Saa moja jioni iliwaka hadi majirani wakaja kuitazama. Wiki iliyofuata mama akanipigia simu. Hakulalamika, alisema tu kwamba amerudia tochi yake, kwa sababu akiamka saa tisa usiku hukuta taa imeshazima. Mimi ni fundi wa kazi hii, na nilikuwa nimeipima taa ya mama yangu kwa macho ya saa moja jioni. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza taa gani ni nzuri, namwuliza: saa kumi alfajiri itakuwa inawaka?

Swali hilo ni zito zaidi kwetu kuliko kwa wengine. Ukitoka hapa Kisumu kuelekea Busia, unavuka ikweta pale Maseno. Kibao kipo kando ya barabara. Anayeishi ikweta usiku wake ni kama saa 12, Januari hadi Desemba. Usiku wa London mwezi wa Juni haufiki saa 8. Taa iliyobuniwa kwa bustani ya kiangazi cha kule, ukiileta mtaani kwetu Nyalenda, unaidai saa 4 zaidi ambazo betri yake haikuandaliwa.

Sasa tupige hesabu pamoja, nayo haihitaji kalamu. Jua likiwa kali kabisa huipa mita moja ya mraba karibu wati 1,000. Paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 ya hizo kuwa stima. Chukua paneli yenye ukubwa wa karatasi ya kuandikia barua, sentimita 21 kwa 30. Haiwezi kutoa zaidi ya wati 12 au 13. Haiwezi, hata boksi liandikwe nini. Jua la kwetu, ukilikusanya la siku nzima, ni kama saa 5 za jua kali kamili. Wati 12 kwa saa 5 ni wati-saa 60. Joto, vumbi na betri yenyewe hula kama theluthi moja, zinabaki 40. Zigawe kwa saa 12 za usiku. Unapata wati 3 na kidogo.

Naona mama mmoja ametikisa kichwa. Usivunjike moyo, mama. Wati 3 za LED nzuri hutoa lumeni 300 hivi, na anayekumbuka koroboi anajua huo ni mwanga mwingi kwa njia ya choo. Ninachowaomba ni kwenda dukani na rula. Pimeni paneli kwanza, boksi mlisome baadaye.

Halafu betri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu taa nyingi ninazofungua zimefia hapa. Betri ina namba mbili: volti, na ampia-saa. Zidisha, upate wati-saa. Ya volti 3.2 na ampia-saa 12 ni wati-saa 38, inatosha hesabu yetu ya mchana mmoja. Lakini namba nazo huongopa. Ile seli ya mviringo inayoitwa 18650, yaani unene milimita 18 na urefu 65, iliyo bora kabisa huishia karibu na milliampia-saa 3,500, yaani ampia-saa 3.5. Nimezikuta zimeandikwa 9,900. Ukiona hivyo, irudishe kwenye kaunta.

Angalia pia volti zenyewe. Seli ya 3.2 kwa kawaida ni lithiamu ya chuma na fosfeti, hustahimili kuchajiwa mara 2,000 na zaidi. Kila usiku mara moja, hiyo ni miaka mitano na ushee. Ya 3.7 ya kawaida hulegea baada ya mara 500 hivi, mwaka mmoja na miezi minne. Kwa taa ya nje mimi huchagua ya 3.2, hata ikinilazimu kungoja mwezi mwingine nijaze pesa. Na ukibadilisha, weka ya volti zilezile. Ukitia ya 3.2 kwenye taa iliyotengenezewa 3.7, itachajiwa kupita kiasi, ifure.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IP65 au zaidi, kisha waya uupinde kwa chini kabla haujaingia kwenye taa, maji ya mvua yadondokee kwenye kipindo badala ya kuufuata ndani.

Mahali pa kufunga. Mvua za kandokando ya ziwa hupenda kushuka alasiri, kwa hiyo jua la kutegemea ni la asubuhi. Kama mwembe wako umeziba mashariki, paneli isogezwe au tawi likatwe. Seli za paneli zimeungwa kama mnyororo. Kivuli cha tawi moja huzuia nyingi. Hapa ikweta paneli ingeweza kulala kabisa, ila iinamishe digrii 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Usiifunge karibu na taa kubwa ya mtaani, ile mulika mwizi, maana paneli ndiyo jicho linaloijulisha taa kwamba giza limeingia. Na kama ina sensa ya mwendo, ifunge kando ya njia: sensa huona vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja.

Kioo cha paneli kifutwe kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla hakijapata moto. Kiangazi, kila wiki mbili. Walio karibu na Dunga, wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi watajaa kwenye taa. Chagueni mwanga wa manjano, ulioandikwa Kelvini 3,000, kipimo cha rangi ya mwanga, huwavuta wachache kuliko ule mweupe wa kibuluu.

Kuna swali la yule mama wa kitenge: betri iliyofura, itobolewe hewa itoke? Hapana, mama yangu, tafadhali. Lithiamu ikitobolewa hushika moto. Itoe taratibu, iweke kwenye debe lenye mchanga mkavu, mbali na nyumba na watoto, mpaka uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Usiitupe chooni wala ziwani.

Ngazi iko pale mlangoni na multimita, kipimo changu cha stima, ninayo mfukoni. Taa ya geti la hapa imekuwa ikizima saa sita usiku, mlinzi ameniambia. Vijana wawili waje wanishikie ngazi, tuifungue tuone ndani yake kuna betri gani.