Kichaka, Sumu na Kamba

MWAJUMA: Karibuni tena, tuko hapahapa Mwanga, Kigoma. Kaka Hamisi, msikilizaji wa Ujiji anauliza: kama mti umeua seli za saratani maabara, kwa nini tusichemshe magome tukanywa?

HAMISI: Dada, kuna kichaka cha Afrika Mashariki kinachomjibu vizuri. Maytenus. Sampuli za mwanzo zilitoka Ethiopia, baadaye kikavunwa tani kwa tani Shimba Hills, Kenya. Mwaka 1972 timu ya Morris Kupchan, Marekani, ikatangaza molekuli yake: maytansini.

MWAJUMA: Ikaua saratani?

HAMISI: Kwenye vyombo vya maabara ilikuwa moto! Ilizidi dawa ya saratani iitwayo vinkristini kwa ukali mara mia na zaidi. Na vinkristini yenyewe si mchezo, watoto wenye saratani ya damu wanachomwa sindano yake mpaka leo.

MWAJUMA: Ile ya maua ya pinki yanayopandwa mbele ya nyumba?

HAMISI: Hiyohiyo. Basi maytansini ikajaribiwa kwa wagonjwa. Kutapika, kuharisha, ganzi za mishipa ya fahamu, na faida ndogo mno. Inazuia seli isigawanyike, ila haichagui: ya uvimbe, ya utumbo, zote inapiga. Ikaachwa.

MWAJUMA: Kumbe anayechemsha...

HAMISI: Anakunywa sumu isiyo na kipimo.

MWAJUMA: Na ikaishia hapo?

HAMISI: Ndipo wanakemia wa dawa walipoonyesha kazi. Waliirekebisha kidogo molekuli ile, wakaipa salfa ya kushikia, wakaifunga kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa shabaha moja tu, iitwayo trastuzumabu. Hiyo inatafuta HER2, protini iliyojaa juu ya baadhi ya seli za saratani ya matiti.

MWAJUMA: Kama mzigo kwenye boti la Kibirizi. Kamba ikikatika njiani, umeishia ziwani.

HAMISI: Umenena! Na kamba, yaani kiungo kinachoshikisha sumu kwenye kingamwili, ndiyo iliyowatoa jasho. Lazima ihimili safari yote kwenye damu. Kingamwili ikishamezwa na seli na kusagwa, sumu ibaki humo ndani. Kila kingamwili hubeba kwa wastani molekuli 3.5 tu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2013, trastuzumabu emtansini. Bado inaweza kushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kuumiza ini, tusidanganyane.

MWAJUMA: Na vichaka vya watu huko Kenya?

HAMISI: Vimepona. Mwaka 1977 watafiti wa Japani walipata molekuli ndugu zake kutoka kwa bakteria. Sasa malighafi inachachushwa kwenye matangi.

MWAJUMA: Mama mwenye saratani ya titi hapa Kigoma aiulizie?

HAMISI: Kwanza aulize kama uvimbe wake una HER2 kwa wingi. Ni kama mmoja kati ya watano.

MWAJUMA: Na hilo halijulikani kwa kupima damu ya kidoleni.

HAMISI: Hapana, kinakatwa kipande cha uvimbe, kinapelekwa maabara ya patholojia. Wengi wanaogopa kisu hicho, tukitoka mapumziko tukiongelee.