Dalali Asiyeuliza Vipimo

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie madalali wa usafirishaji, hasa kwa mtu anayehamisha kabati, sofa au piano. Nianze na jambo ambalo wengi wetu hulijua tukiwa tumeshachelewa: dalali hana lori. Hana meli, hana ghala, na pengine hana hata mkokoteni. Anachokuuzia ni kumjua mwenye lori. Si kazi ya aibu hata kidogo. Ukimpata anayeijua vizuri, anakuokolea siku nyingi za kuhangaika. Ila ukilisahau hilo utakuja kumdai mtu ambaye mzigo wako hakuwahi kuuona.

Mimi nililisahau. Nilikuwa nahamisha meza ya kulia, mbao ngumu, nzito. Nikampigia dalali, naye akanitajia bei kabla sijamaliza kueleza. Nikafurahi, kumbe nilipaswa kushtuka. Siku ya kupakia akaja dereva ambaye jina la dalali wangu hajawahi kulisikia. Kazi alipewa na dalali mwingine, na huyo naye aliipata kwa wa tatu. Madalali watatu juu ya meza moja! Kila mmoja kakata chake, na aliyebakiwa na kidogo kuliko wote ni yule wa kubeba. Meza ikafika mguu mmoja umevunjika. Nikauliza nani analipa; nikazungushwa hadi nikanunua gundi mwenyewe.

Tangu hapo bei si swali langu la kwanza. Nauliza: nani hasa atabeba, na hati ya mzigo itaandikwa jina la nani? Dalali wa kweli anakutajia kampuni kabla hujatoa hela, ili ukahakikishe mwenyewe kama imesajiliwa na kama leseni na bima yake bado ziko hai. Akisema "wewe niachie mimi tu", mwachie kweli, ukatafute mwingine.

Kisha sikiliza yeye anakuuliza nini. Hapa ndipo utakapomjua. Chukua kabati la urefu wa mita 2.1, upana mita 1.2, kina mita 0.6. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 1.5. Sasa litengenezee kreti ya mbao, ongeza sentimita tano tu kila upande, upige hesabu tena: mita 2.2 kwa 1.3 kwa 0.7. Umefika mita za ujazo 2! Karibu theluthi nzima imeongezeka, na kabati ni lile lile. Melini, mzigo unaochanganywa na wa watu wengine kwenye kontena kwa kawaida hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipiwa, na fanicha karibu siku zote huzidi kwa ujazo. Kwa hiyo anayekupa bei bila kuuliza vipimo vya baada ya kufunga hajakupa bei. Amekupa chambo. Bei yenyewe utaisikia mzigo ukiwa tayari mikononi mwao, na hapo huna ubavu wa kubishana.

Atakayekuuliza kama kabati linafunguka vipande, ngazi zina kona ngapi, mlango wa kule unakoenda una upana gani, huyo amewahi kusimama kwenye ngazi na sofa lililokwama. Na kama mzigo unavuka mpaka ndani ya kreti, atakuuliza kuhusu mbao zake. Kanuni ya kimataifa, ISPM 15, inataka mbao ghafi za kufungia zitibiwe dhidi ya wadudu, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30, kisha zigongwe mhuri. Bila mhuri, mzigo unaweza kuzuiwa au kurudishwa.

Kuhusu bima niseme kidogo, maana hapa watu huumia kimyakimya. "Mzigo una bima" ni maneno matupu mpaka uulize bima ya nani na inalipa nini. Dhima ya msafirishaji ina ukomo. Kwa mfano, chini ya mkataba wa CMR wa usafiri wa kimataifa wa barabarani, ambao hauhusu kazi ya kuhamisha fanicha za nyumba bali mzigo wa kawaida, ukomo huo ni SDR 8.33 kwa kilo. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiti cha kale cha kilo 6, ulichorithi kwa babu, kikitumwa kama mzigo wa kawaida kitalipiwa kama SDR 50, hata kama mnada ungekipa mara mia. Mwambie dalali akuonyeshe bima ya mzigo wenyewe, yenye thamani uliyoitaja wewe, kwa maandishi.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni afanye nini siku ya kupokea. Usisaini kwanza. Fungua, zunguka, piga picha, na mkwaruzo wowote uuandike kwenye karatasi ya dereva kabla ya sahihi yako, kwa sababu "nimepokea salama" ikishaandikwa ni kazi kubwa kuifuta. Dereva atakwambia ana haraka. Mpe kiti akae, tena kile cha babu kama kimefika kizima, wewe uendelee kufungua.