Lipa yote, au iache pochini

Haya, mwenzangu aliyetangulia ameshawapa methali ya kukopa harusi kulipa matanga, mkacheka, mkapiga makofi, kwa hiyo mimi nawapa hesabu yenyewe ya kadi ya mkopo. Na nyie mlionisikia Leicester na Reading nikisema haya haya, vumilieni. Nitanyamaza siku mtakapoacha kunipigia simu usiku mkiwa na stetimenti mkononi.

Akaunti ya msingi mnaijua, sitapoteza muda. Ile ya bure, haina ovadrafti, ina paundi 15 na wewe unataka kutoa 20, mashine inagoma, habari imeisha. Mabenki makubwa hapa Uingereza yamebanwa na sheria kuwapa watu wasio na historia ya mikopo au wenye historia mbovu, ndo maana wengi wetu tumeanzia hapo. Sasa mtu kakaa miaka na kadi inayojua kukataa, halafu anapata kadi ya mkopo ya kujengea historia, riba asilimia 34.9 kwa mwaka, zingine zinapita hapo, limiti paundi 500, na hii haigomi mpaka zote 500 ziishe. Yeye anaitumia vile vile alivyozoea ile nyingine.

Kuna kijana mmoja, simtaji, na wanaomjua humu ndani nyamazeni. Msiba umetokea Tanga, grupu la WhatsApp limefunguliwa usiku huo huo, mtunza hazina anaposti orodha kila baada ya saa moja, na jina la kijana lina sifuri mbele yake na vile vimikono viwili vya kuomba. Kwenye akaunti ana paundi 60, mshahara tarehe 28. Akafungua apu ya kutuma hela, akaweka kadi ya mkopo, akatuma 300. Apu ikapokea, kwanini ikatae? Kwenye orodha akapanda mpaka juu, mjomba akamtumia voisi ya kumshukuru.

Stetimenti ilipokuja akanipigia kwa hasira, anasema aunti hawa wezi, si waliniambia nina mpaka siku 56 bila riba? Wamekwambia kweli, ila hizo ni za manunuzi, na ni pale unapolipa deni lote. Kutuma hela nyumbani kampuni nyingi za kadi wanakuhesabia kama umetoa keshi. Kutoa keshi ada yake mara nyingi ni kama asilimia 3, hapo paundi 9 zimeenda, na riba inaanza siku ile ile, hakuna cha 56 wala 5. Hata ukilipa mwisho wa mwezi zote, riba ya zile siku utailipa. Na kwenye ripoti yako ya mkopo, lile faili la historia yako wanaloliangalia wakopeshaji, inaonekana umechomoa keshi kwa kadi, mkopeshaji mwingine akiona anajua huyu kabanwa.

Sasa hebu tupige hesabu, mwenye simu atoe kikokotoo. Deni 309, riba ya 34.9 kwa mwaka ni kama asilimia 2 na nusu kwa mwezi, karibu paundi 8. Tuseme yeye analipa 12 kila mwezi, anaona yuko vizuri. Katika hizo 12, karibu 8 zimeliwa na riba, deni limepungua 4. Baada ya mwaka mzima kalipa 144 na bado anadaiwa 250 na ushee. Marehemu keshafanyiwa arobaini na hitma ya mwaka, mjomba keshasahau nani alitoa ngapi, na kijana bado anachangia ule msiba.

Najua mtu ananitazama hapo anasema huyu mama hana huruma, msiba hauna ratiba. Sijasema usichange! Changa hizo 60 ulizonazo kwa kadi ya debiti, ile ya akaunti yako, waambie zingine mshahara ukitoka. Watanuna wiki moja. Omba ndugu, omba zamu ya upatu ije mapema, si ndo kazi ya upatu. Kadi ya mkopo usiiguse kwa keshi, iwe ATM, iwe kununua dola za safari, iwe kutuma nyumbani. Kubeti nayo ilishapigwa marufuku kwa kadi za mkopo hapa tangu Aprili 2020, nyie vijana wa nyuma msijifanye hamsikii.

Halafu kuna huu uzushi, sijui nani anausambaza, eti ukilipa yote hupati alama nzuri za mkopo, lazima uache kadeni kidogo ili waone unatumia. Hapana jamani, hapana. Kuwa unatumia wanaona kwenye stetimenti, hata kama umelipa yote. Na ukiacha hata paundi 10 tu kati ya 100, wengi wanakupiga riba ya manunuzi kuanzia siku uliyonunua kila kitu, sio ya zile 10 peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kitu kimoja unachonunua kila mwezi kwa vyovyote, mafuta ya gari au nauli ya basi, kiweke kwenye kadi, kisizidi robo ya limiti, basi. Weka dairekti debiti, yaani ruhusa ya wa kadi kujikatia hela kwenye akaunti yako kila mwezi, ya kulipa deni zima, soma vizuri hapo maana watakuwekea chaguo la kiwango cha chini, na tarehe iwe siku chache baada ya mshahara. Kwanini nasisitiza tarehe? Akaunti yako haina ovadrafti, dairekti debiti ikikuta hamna hela inarudi. Benki haikutozi kwa akaunti ya msingi, ila wa kadi atakutoza, kwa kawaida paundi 12, na alama ya kuchelewa ikiingia kwenye ripoti inakaa miaka 6. Miaka 6 kwa hela ya nauli!

Kuhusu haramu, mimi sio shehe. Mwenye kusema hata kusaini mkataba wenye kipengele cha riba ni tatizo, ana hoja, simlazimishi, achukue kontrakti ya simu kwa jina lake na alipe kwa wakati.

Naonyeshwa saa, nimeiona. Haraka: daftari la wapiga kura linasaidia sana ripoti yako, na Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda mwenye kibali cha kuishi hapa anaruhusiwa kujiandikisha sababu ya Jumuiya ya Madola. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi, huku England mpaka uraia, poleni. Tiketi ya ndege ya zaidi ya paundi 100 ukiilipa kwa kadi ya mkopo moja kwa moja kwa shirika, shirika likifilisika unaweza kumdai mwenye kadi, sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, ila hela ya kuilipa yote iwe ipo. Mwenye deni tayari lililomshinda apigie simu StepChange au Citizens Advice, mashirika ya kushauri wenye madeni, ni bure, anayekutoza ada kwa kazi hiyo mkimbie.

Na wewe dada uliyenyoosha mkono, barua ya kukuongezea limiti kutoka 500 hadi 1,200 unaruhusiwa kuikataa. Ikatae leo, kabla grupu halijafunguliwa.