Kutenga hesabu za mama na zako ndani ya GnuCash

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunatenganisha hesabu. Ulianza kumsaidia mama kufuatilia pesa zake, ukaziingiza akaunti zake kwenye faili lako la GnuCash, ile programu ya kompyuta ya kuweka hesabu za pesa, kwa kuwa ndilo lililokuwepo. Sasa ndugu zako wanataka kuona mama ana kiasi gani, na huwezi kuwafungulia faili bila mshahara wako na madeni yako kuonekana.

HAMISI: Na kipimo cha kazi nzima ni hicho, dada Rehema. Faili la mama liwe kitu unachoweza kumkabidhi mtu mwingine leo, akalifungua akakuta mambo ya mama peke yake. Kuchuja ripoti hakufikishi hapo, maana miamala yote bado imo ndani.

REHEMA: Wengi huenda kwenye menyu ya File, wakaona Export, kisha Export Accounts, wakadhani wameshapata.

HAMISI: Ile hutoa mti wa akaunti tu: majina na mpangilio wake. Hauendi muamala hata mmoja. Njia inayofanya kazi ni ya nakala. Funga programu kabisa, kisha nakili faili mara mbili. Unabaki na mafaili matatu: la asili, ambalo huligusi tena, la kwako, na la mama. Kwenye la kwako unafuta akaunti za mama, kwenye la mama unafuta zako.

REHEMA: Kabla ya kufuta chochote, toa mizania, ile ripoti ya Balance Sheet inayoonyesha mali, madeni na salio la kila akaunti, na uiweke kando. Bila karatasi hiyo hutajua kama umeharibu kitu.

HAMISI: Na ukifungua nakala kwa mara ya kwanza, huenda likatokea dirisha la Since Last Run, likitaka kuingiza miamala ya ratiba, yaani ile uliyoipanga ijirudie yenyewe. Bofya Cancel. Ukikubali kwenye mafaili yote mawili, kodi ya mwezi itaandikwa mara mbili.

REHEMA: Tuje kwenye kufuta, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

HAMISI: Ukifuta akaunti yenye miamala, programu inakuuliza: Move to, yaani ihamishie kwingine, au Delete all transactions. Ukichagua kufuta, unafutika muamala mzima, pande zote mbili: akaunti pesa ilikotoka na ilikokwenda. Manunuzi ya mama ya dawa yakiondoka, sawa, ndivyo unavyotaka. Tatizo ni pesa zilizopita kati yako na yeye. Tuseme salio lako la benki ni 500,000, na mwezi wa tatu ulimtumia mama 40,000. Futa akaunti ya mama hivyo hivyo, na salio lako linaruka hadi 540,000. Benki inasema 500,000, faili linasema vingine.

REHEMA: Kwa hiyo uhamisho unashughulikiwa kwanza, kufuta kunakuja mwisho.

HAMISI: Ndiyo, na uushughulikie ukiwa upande ulio sahihi. Kwenye faili lako, fungua daftari la akaunti yako wewe. Tafuta kila mstari ambao safu ya Transfer, inayotaja akaunti ya upande wa pili, imeandika akaunti ya mama, ubadilishe jina hilo. Ukifanya hivyo ukiwa ndani ya daftari la mama, unachobadilisha ni upande wako, na pesa zinatoka kwenye benki yako kabla hata hujafuta kitu.

REHEMA: Safu ni ile ile, jina liko pale pale, lakini matokeo yamepinduka. Na watakaoona onyo kwamba muamala ulishalinganishwa na taarifa ya benki?

HAMISI: Wasome, kisha waendelee, mradi hawagusi tarehe wala kiasi.

REHEMA: Sasa tunabadilisha jina liwe nini? Hapa programu haiwezi kukuamulia, kwa sababu swali ni la kifamilia. Zile 40,000 zilikuwa msaada au mkopo? Kama ni msaada, kwako ni matumizi, kwa mama ni mapato. Kama ni mkopo, kwako ni mali, yaani deni unalodai, na kwa mama ni deni analodaiwa. Ziamue moja moja, na jibu liwe lile lile kwenye mafaili yote mawili.

HAMISI: Kosa ninaloliogopa zaidi ni hilo: faili la mtoto linasema mkopo, la mama linasema msaada. Siku mali za mama zikihesabiwa, hayo ni maneno mawili tofauti kutoka kwa mtu mmoja.

REHEMA: Na ile miamala yenye mistari zaidi ya miwili? Mfano umelipa bili moja, nusu kwa akaunti yako, nusu kwa ya mama.

HAMISI: Bofya Split, kitufe kinachoufungua muamala, uone mistari yote. Kwenye faili lako unafuta mstari wa mama na kupunguza matumizi kwa kiasi kile kile, hadi muamala usawazike. Inachosha, lakini kwa kawaida huwa michache.

REHEMA: Hayo yakiisha, futa akaunti, ukichagua Delete all transactions bila hofu. Kisha rudi kwenye ile mizania. Kila salio la benki lifanane na lilivyokuwa kabla, hadi senti. Na kama kuna mikopo, unachodai kwenye faili lako kilingane na anachodaiwa mama kwenye lake.

HAMISI: Salio likipishana, kiasi cha tofauti ndicho kidokezo. Kitafute kwenye faili la asili. Mara nyingi ni uhamisho mmoja ulioruka.

REHEMA: Ratiba je?

HAMISI: Menyu ya Actions, Scheduled Transactions, kisha Scheduled Transaction Editor. Kila faili libaki na za mwenyewe.

REHEMA: Mawili ya mwisho. GnuCash haina nywila ya faili, kwa hiyo likimfikia mtu, limefunguka. Litume kwa njia iliyosimbwa, yaani iliyofungwa asiweze kulisoma mtu mwingine njiani. Na programu hufungua faili la mwisho kutumika. Kabla ya kuandika, soma jina lililo juu ya dirisha.